Kibodi ya Dubai

Herieth alianza kushuku kwamba Mama Angela haoni siku ile mama huyo alipoliamkia koti.

Lilikuwa koti la Gaudensi, mwenye duka la uchapaji, limetundikwa kwenye msumari kando ya kabati. Mwenyewe alikuwa nje akibishana na fundi wa umeme. Mama Angela aliingia akitetemeka kwa ule upepo wa asubuhi usiojua huruma pale Sumbawanga, akaligeukia koti na kusema kwa heshima zake zote, "Umeamkaje, bosi? Leo baridi imetukomoa." Koti lilinyamaza. Alisubiri kidogo, akadhani amenuniwa, kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Herieth, mchapaji mwenzake, aliyekuwa akipanga karatasi, alijifanya anakohoa ili asicheke. Lakini kicheko kilipopita, kilichobaki moyoni mwake kilikuwa kitu kingine, kizito na chenye faida.

Jina la mama huyo lilikuwa Bertilla, ingawa mjini kila mtu alimwita kwa jina la binti yake. Alikuwa mpigachapa wa serikali kabla ya upepo wa kupunguza wafanyakazi kumkumba yeye na wenzake. Ufundi wake aliupata kwa masista, ambao walifunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa cheusi, na msichana aliyechungulia vidole vyake alisimamishwa mbele ya darasa mpaka kengele ilie. Tangu hapo kutazama kibodi kwake kulikuwa aibu, sawa na kula huku umesimama.

Kwa hiyo macho yalipoanza kufifia, kwanza likaingia ukungu jicho la kulia, kisha la kushoto, mikono haikupata habari. Alibaki akiona mwanga na kivuli, weusi wa mistari juu ya weupe wa kioo cha kompyuta, lakini herufi hakuona hata moja. Na kwa kuwa mtu hawezi kunakili asichokiona, alijitengenezea namna yake ya kufanya kazi. Mteja alipomletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono, hakuipokea.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Mimi huchapa kwa masikio. Ukinisomea, mkono hausimami."

Wateja waliipenda desturi hiyo. Wakongomani waliovuka ziwa na kushukia bandari ya Kasanga walimsomea Kifaransa chao, naye alikijua kwa kuwa alikuwa amewachapia mapadre. Wafanyabiashara wa mpakani Kasesya walimsomea Kiingereza cha Zambia. Makatekista walimsomea Kifipa, naye alikichapa kwa raha ya mtu anayezungumza na dada zake jikoni. Mwishoni aliinua uso kuelekea kioo na kuwarudishia maneno yao yote, tangu anwani hadi nukta ya mwisho, kama msomaji wa misa. Hakuna aliyeshuku kwamba alikuwa akisoma kutoka kichwani mwake.

Hata kibodi za kigeni hazikumfichua. Gaudensi alinunua mashine popote alipozipata, maana siku hizo za soko huria kila kilichochoka Ulaya kilikuwa kipya Tanzania. Moja ilitoka Ujerumani, na Z yake ilikuwa imekaa mahali pa Y. Nyingine ilitoka kwa Wafaransa, nayo ilianza na A pale ambapo vidole vilitegemea Q. Mama Angela alipoketishwa mbele ya mashine asiyoijua, alichapa neno moja la kujaribia na kumwuliza mteja kwa utani, "Limetokaje huko?" Mteja alimwambia, naye tangu hapo hakukosea tena.

Mashine hizo mbili ziliungua siku moja umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Ikabaki moja tu, iliyotoka Dubai. Kila kitufe chake kilikuwa na herufi mbili, moja ya kawaida na moja ya Kiarabu, na Gaudensi aliyesafiri nayo kutoka Dar es Salaam akiipakata kama mtoto mchanga hakuwa na uwezo wa kuleta nyingine.

"Mashine moja, kiti kimoja," aliwaambia wanawake wawili wale. "Pasaka ikipita, mmoja wenu nitamshukuru, aende zake. Sitaki machozi. Biashara haina shangazi."

Herieth alielewa kwamba atakayeshukuriwa ni yeye. Alikuwa na cheti cha kompyuta kutoka Mbeya, kimefungwa kwenye nailoni, lakini alichapa kwa vidole viwili, macho yakiruka kutoka karatasi hadi kibodi hadi kioo. Baba yake, mfugaji aliyehamia bonde la Rukwa kutoka Shinyanga, alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa ili asome, na kaka zake hawakuwahi kumsamehe. Kila aliporudi nyumbani walimkaribisha kwa wimbo uleule. "Ng'ombe wetu huyo amekuja. Hebu akamuliwe tuone." Kurudi huko bila kazi kulikuwa kitu ambacho hakuweza kukifikiria mpaka mwisho. Alihitaji kiti kile. Alikihitaji kuliko alivyohitaji kupendwa na mtu yeyote.

Ndiyo maana, baada ya lile koti, alianza kufanya majaribio. Alikisogeza kikombe cha chai cha Mama Angela upande wa pili wa meza, akautazama mkono ukipapasa hewa. Siku nyingine alimpelekea karatasi tupu, nyeupe pande zote mbili.

"Mama, kuna mteja ameacha hii. Mwandiko wake unasomeka?"

Mama Angela aliipokea, akaisogeza usoni, akaiinamishia kichwa kidogo.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Lakini akija, mwambie anisomee mwenyewe. Itakwenda haraka."

Herieth aliichukua karatasi yake, akaenda nayo kwa Gaudensi.

Gaudensi hakuamini. "Asiyeona ndiye anachapa vile? Na wewe unayeona unachapa kama kuku anayedonoa mtama. Binti, wivu utakutoa vipele."

"Nikikuonyesha je, bosi?"

"Ukinionyesha, kiti chako. Lakini uonyeshe kweli, watu waone. Sitaki kesho nisikie Gaudensi amemwonea mjane."

Herieth alikuwa tayari na njia. Siku chache kabla, vidole vyake viliteleza na kubonyeza kwa pamoja vitufe viwili vya pembeni, Alt na Shift, na papo hapo kila alichochapa kikatoka kwa herufi za Kiarabu, zikitembea kutoka kulia kwenda kushoto. Yalikuwa matope matupu, hayakuwa lugha ya mtu yeyote. Alihangaika sana mpaka alipogundua kwamba vitufe vilevile ndivyo vinavyoirudisha mashine kama zamani. Hakumwambia mtu. Kibodi haikutoa sauti tofauti, wala vitufe havikubadilika chini ya kidole. Mwenye macho tu ndiye aliyeweza kujua.

Siku aliyoichagua, duka lilikuwa na watu. Gaudensi alikuwa amemwita Kasmir, fundi cherehani wa chumba cha jirani, pamoja na wapagazi wawili wa sokoni, akawanong'oneza kwamba watazame kioo na wasiseme neno. Mteja wa kwanza kuingia alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, mashuka mawili mabegani na vumbi la safari kwenye viatu vya matairi.

"Mwangaluka, mwanangu," alimsalimu Herieth. Alikuwa ameutambua uso wa kwao.

Herieth aliisikia salamu ya Kisukuma ikigonga mahali fulani ndani yake, akaipita. "Shikamoo, baba. Karibu. Kaa pale, utamsomea mama."

"Marahaba. Kusoma sijui. Yamo humu tu," mzee alisema akigusa kifua.

"Ndivyo nipendavyo," Mama Angela alidakia akicheka. "Karatasi huwa na kigugumizi. Jina lako nani, baba?"

Aliitwa Masunga. Herieth alisimama nyuma ya kiti, akainama kana kwamba anaokota kitu, akabonyeza vitufe viwili.

Masunga alisema alichokuja kusema. Ng'ombe wake walikuwa wameingia shamba la mahindi la bwana Yusto, Mfipa mwenyeji wa kijiji, wakayala. Hakukana. Siku hiyo homa ilimwangusha chini ya kichaka, na alipozinduka wanyama walikuwa wameshatiwa zizini na mgambo. Sasa alisikia watauzwa. Alikuwa tayari kumlimia Yusto na kumvunia, yeye na wanawe, mpaka Yusto mwenyewe aseme imetosha. Alichoomba kwa katibu tarafa wa Matai kilikuwa kimoja, kwamba wanyama wasiuzwe kabla baraza halijakaa Jumamosi ya baada ya Pasaka na kumsikiliza.

"Eleza wale ng'ombe ni wa namna gani, ili wasibadilishwe," Mama Angela alimshauri bila kuacha kuchapa.

Masunga aliwataja mmojammoja. Mweusi mwenye doa la maziwa kwenye paji. Mwekundu aliyevunjika pembe akimtetea ndama. Yule wa kijivu mwenye mimba, ambaye mke wake marehemu alimpa jina. Aliwataja kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu watoto waliolala, na vidole vya Mama Angela viliwapokea wote.

Kwenye kioo, herufi za Kiarabu zilijikokota kinyume, mstari juu ya mstari. Mpagazi mmoja alimwegemea mwenzake. Kasmir alikuwa ameng'ata kipande cha kitambaa, mabega yakimtikisika. Gaudensi alikunja mikono kifuani, macho yamemtoka kama mtu anayetazama mchezo wa mazingaombwe. Masunga naye alitazama kioo. Aliona weusi wa maandishi ukijaa kwenye weupe, akaridhika, kwa kuwa hivyo ndivyo maandishi yalivyokuwa kwake siku zote.

"Tayari," Mama Angela alisema. Alinyoosha mgongo, akauelekeza uso wake kwenye kioo. "Nikusomee?"

"Nisomee, mama."

Akaanza. Alianza na anwani, akafuata tarehe, akaingia kwenye ombi. Kila neno la Masunga lilirudi likiwa limenyooshwa na kusafishwa, pale alipokwama likiwa limepewa njia, pale aliporudia likiwa limeachwa mara moja tu. Alipofika kwa ng'ombe wa kijivu alipunguza mwendo, na sauti yake ikalainika. Macho yake yasiyoona yalitembea juu ya kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, kwa adabu kamili ya msomaji, juu ya maandishi yaliyokuwa yakienda upande mwingine na yasiyosema kitu.

Masunga alifuta jicho kwa pembe ya shuka. "Hivyo hasa," alisema. "Hata mimi nisingesema hivyo."

Herieth aliitoa karatasi kwenye printa. Aliweza kusema wakati huo. Kwa muda mfupi maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini kama angesema sasa, Mama Angela angejibu kwamba kidole kiliteleza, kila mtu hukosea, angeichapa upya palepale, na watu wangemhurumia. Alimpa Masunga wino. Mzee akakandamiza dole gumba chini ya maandishi, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayetia muhuri. Lori la kwenda Matai lilipiga honi upande wa sokoni. Akaikunja karatasi ndani ya shuka, akaaga kila mmoja, akatoka.

Hapo ndipo Kasmir alipoachia kicheko.

"Kuna nini?" Mama Angela aliuliza, naye akitabasamu ili asiachwe nyuma.

"Mama Angela," Gaudensi alisema, "hebu nisomee tena ule mstari wa mwisho."

Aliusoma.

"Kasmir, na wewe usome."

"Mimi sijui Kiarabu, mzee," Kasmir alisema, na wapagazi wakaangua kicheko wakipigana makofi mgongoni. "Na hata Mwarabu akija, hicho atakikataa. Mama wa watu amechapa wadudu ukurasa mzima, halafu akawasomea rozari."

Tabasamu la Mama Angela halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni likiwa halina kazi, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Alinyoosha mkono, akakigusa kioo kwa ncha za vidole, akaupitisha juu yake kutoka pembe hadi pembe. Kisha akasimama ghafla, kiti kikarudi nyuma.

"Masunga yuko wapi?"

"Ameenda kupanda lori," Gaudensi alisema. "Usijisumbue. Kaa nje kwenye hewa kidogo, tutazungumza."

"Amekwenda na ile?" Alikuwa akigeuza uso huku na huku, akitafuta sauti ya kushikilia. "Bosi, nirudishieni mashine kama ilivyokuwa. Maneno ninayo yote. Lori halijaondoka, nasikia wanaita abiria. Ukurasa mmoja tu."

Alipapasa nyuma yake kukitafuta kiti. Mkono wake ulikuta bega. Herieth alikuwa ameketi.

"Herieth?"

"Abee, mama."

"Inuka kidogo, mwanangu. Nimchapie yule mzee, halafu utakaa. Utakaa siku zote, mimi sitarudi hapa. Inuka kidogo."

Herieth alimtazama Gaudensi. Gaudensi, ambaye pengine alikuwa ameanza kuuona mchezo ukichacha, aliinua mabega.

"Mwulize mwenye kiti," alisema. "Mimi neno langu nilishalitoa."

Wapagazi waliacha kucheka. Kwa Herieth, kiti kile cha mbao bado kilikuwa na joto la mwili wa mwenzake, nalo lilipanda mgongoni kwake likimwambia ainuke. Ingekuwa kazi ya dakika chache. Lakini aliona mbele yake vidole vile vikipepea juu ya kibodi, ukurasa ukijaa bila kosa, watu hawahawa waliocheka wakishika midomo kwa mshangao, na Gaudensi akikuna kidevu na kufikiri upya. Alishika pembe za kiti kwa mikono yote miwili.

"Mashine imeganda, mama," alisema. "Inataka kuzimwa kwanza."

Injini ya lori ilinguruma, ikabadilisha gia, ikaondoka. Mama Angela aliisikiliza mpaka ilipopotea upande wa barabara ya Matai. Halafu alitafuta kanga yake, akajifunga, akamgeukia Gaudensi, safari hii akiwa amempata sawasawa.

"Ungeniambia tu niondoke, ningeondoka," alisema. "Yule mzee hakuwa na ugomvi na mtu humu."

Alitoka akiwa ametanguliza mkono mbele. Hakuna aliyempeleka. Kasmir alisema ana nguo ya mtu, akarudi kwenye cherehani yake.

Masunga alirudi Ijumaa. Pasaka ilikuwa imepita, na Herieth alikuwa peke yake dukani, akichapa tangazo la mnada wa mahindi, kidole hiki na kile. Mzee aliiweka karatasi mezani. Ilikuwa imelowa jasho na kukaukia mikunjo.

"Wamesema haisomeki," alisema. "Karani aliigeuza juu chini, akaniuliza kama mimi ni mtu wa Zanzibar. Nikamwambia mbona ilisomwa mbele yangu yote, hata ng'ombe wa marehemu mke wangu alisomwa? Akasema nilete inayosomeka kesho kabla ya baraza, la sivyo wanyama wanauzwa."

"Nitakuandikia nyingine, baba."

Alifungua ukurasa mpya. Masunga alikaa, akaanza. Lakini alikuwa mtu aliyelala njiani, na maneno yake yalikuwa yamechoka pamoja naye. Alianzia kwenye homa, akarudi kwenye shamba, akasahau kumtaja Yusto, akasimama. Herieth alikuwa bado anatafuta herufi za sentensi ya kwanza, kati ya alama mbilimbili za kila kitufe.

"Siyo hivyo," Masunga alisema mwishowe. "Yule mama aliyapanga. Alikuwa ameyaweka vizuri, mtu angesikia angenionea huruma. Yuko wapi?"

"Haji tena kazini. Haoni, baba. Ndiye aliyekuharibia."

Mzee aliitafakari habari hiyo, akitazama karatasi yake.

"Haoni," alirudia. "Basi haidhuru, maneno si anayo? Nitakwenda naye mimi mwenyewe mpaka Matai, nitamshika mkono, ayaseme mbele ya baraza kama alivyoyasema hapa. Anakaa wapi?"

Alikuwa akikaa Katandala, nyumba ya tofali za kuchoma nyuma ya kisima cha parokia, mlango wa buluu. Herieth aliujua mlango huo hata gizani. Alikuwa amelala ndani yake majuma yake yote ya kwanza mjini, alipofika na sanduku na cheti bila kumjua mtu, na Mama Angela alikuwa akimwamsha kwa uji wa ulezi na kumwambia asiogope, mji huu ni mdogo. Kutoka dukani, kwa mwendo wa mzee, palifikika kabla chai haijapoa.

Akafikiri juu ya baraza lililojaa watu, mama kipofu amesimama katikati yake akiusema ukurasa mzima bila kukwama, na mtu fulani, karani au katibu mwenyewe, akiuliza ilikuwaje maneno mazuri hivyo yakaandikwa vile. Akafikiri juu ya jibu.

"Sijui, baba," alisema.

Masunga aliinuka akiegemea fimbo. Hakuonekana kuwa na shaka, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kumshuku mtoto wa kwao.

"Wabeja, mwanangu," alimshukuru. "Nitaulizauliza. Mama kama yule hawezi kukosa kujulikana."

Akatoka. Herieth alinyanyua kichwa na kumtazama kupitia dirishani. Mzee alisimama kidogo katikati ya barabara, akitazama kulia na kushoto, kisha akashika njia ya Chanji, upande usio wa Katandala, akitembea kwa haraka.